Roma Isiyo na Mvua

3 Septemba 1996, Jumanne

Nimepata kazi, na sijui kwa nini wamenichagua mimi.

Tulikuwa watatu kwenye benchi la ofisi ya parokia inayowatafutia watu vibarua: kijana Mbelgiji aliyesomea historia, mama mmoja Mkongo aliyewahi kuwa karani wa mahakama, na mimi, mwalimu wa Kifaransa kutoka Buyenzi nisiye na darasa. Mzee aliyekuja kutafuta msomaji hakumuuliza yule kijana hata swali moja. Aliposikia jina langu, Rayhana, na mji nilikotoka, akageuza kichwa upande kama kuku anayetafuta punje, akasema kwa Kiswahili, akiuita mji wetu kwa jina la wakoloni: "Weye unatoka Usumbura? Bon. Utasoma kwangu."

Kijana aliondoka amenuna. Mimi nimeondoka na anwani ya Auderghem, pembeni mwa Brussels, na wasiwasi.

4 Septemba

Nyumba iko mwisho kabisa, barabara inapoanza kuelekea msituni. Mlango ulifunguliwa na Madame Marie-Laure, mpwa wa mzee, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Maneno yake ya kwanza: "Mkoba unabaki hapa ukumbini." Ya pili: "Kadi yako ya ukaazi, tafadhali, nitoe nakala." Aliingia nayo chumba cha ndani, akakaa nayo muda mrefu kuliko nakala inavyohitaji.

Mzee anaitwa Monsieur Karel, ila ameniambia nimwite Papa Karel kama walivyomwita wanafunzi wake Usumbura kabla ya uhuru. Ana miaka themanini na moja. Macho yake yamekufa katikati na anaona kingo za vitu tu. Ukisimama mbele yake haoni uso wako, anaona masikio yako na mlango ulio nyuma yako.

Kazi yenyewe: kuna sanduku la barua za Chevalier Ignace de Roozendriel, wa ukoo wa mama wa mzee, alizoandika mwaka 1768 hadi 1770. Zamani zile kijana wa kikabaila akifika miaka kumi na tisa alifungashwa pamoja na mwalimu wake, mara nyingi padri, akatumwa kuzunguka Ulaya. Paris kujifunza upanga na adabu za meza, Lyon, kisha kuvuka milima hadi Italia kutazama magofu na sanamu. Akirudi alihesabiwa ameelimika, akapewa cheo na mke. Ignace alisindikizwa na padri Lambotte. Mimi nasoma kwa sauti, kisha nakopi kwenye daftari kwa mwandiko safi. Desemba sanduku linakwenda maktaba, kwa maonyesho ya Januari, na mzee anataka kila kitu kiwe tayari.

Nilipomweleza Fatuma, mwenzangu wa chumba hapa Flagey, alicheka. "Donc, mutoto wa tajiri akitembea, ni masomo. Siye tukitembea, ni dossier, faili la wakimbizi."

12 Septemba

Mvua. Barua nne. Ignace anaumwa tumbo huko Cambrai.

19 Septemba

Nimeanza kumpenda huyu Ignace, Mungu anisamehe. Ni mvivu, analalamika kama mke mdogo. Buti zinambana. Kunguni wa Paris wamemla mgongo. Padri Lambotte anakoroma na kula mkate wake. Mwalimu wa upanga ananuka vitunguu. Nikikosea neno, mzee ananisahihisha papo hapo, hata kabla sijafika mwisho wa mstari. Barua nyingi anazijua kwa moyo. Basi kwa nini anahitaji msomaji?

Leo alipokuwa akinywa kahawa aliniuliza: "Na weye, safari yako ilikuwa namna gani?" Nikamjibu kifupi: Uvira, Kinshasa, ndege, Brussels. "Kinshasa ulikaa siku ngapi?" Sita. "Ulilala wapi?" Nikataja mtaa. Akatikisa kichwa taratibu.

Maswali hayohayo, kwa mpangilio uleule, niliulizwa na afisa wa wakimbizi kwenye ule mnara wa serikali karibu na Gare du Nord. Nimerudi nyumbani nikimfikiria Madame Marie-Laure na nakala ya kadi yangu.

1 Oktoba

Simu ililia, Madame akaipokea ukumbini. Nilisikia jina langu. Nilipotoka kwenda chooni akashusha sauti, akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Fatuma anasema: "Ule mwanamuke anakuchunga. Bon, na weye umuchunge."

9 Oktoba

Barua imekuja: usaili wangu wa pili wa maombi ya ukimbizi ni tarehe 17 Desemba.

Niliandike basi, maana hili daftari halisomwi na mtu. Sikupita Kinshasa. Sijawahi kuiona. Nilipotoka Buyenzi ile Machi ya mwaka jana, nyumba za jirani zikiwaka, nilivuka kwenda Uvira, nikashuka Kigoma, nikafika Dar es Salaam. Nilikaa Dar miezi saba. Aliyenitengenezea karatasi, bwana mmoja aitwaye Hamissi, aliniambia: ukitaja Dar watauliza kwa nini hukubaki huko, watakurudisha. Akanifundisha Kinshasa kama sura ya Kurani: uwanja wa ndege, rangi ya teksi, jina la mtaa. Nikaihifadhi. Nikaisoma mbele ya afisa bila kukosea hata herufi. Afisa aliandika yote, na mwishoni akanitazama kwa namna ambayo bado naiona.

15 Oktoba

Tumefika Roma. Yaani Ignace amefika. Nilifurahi, nikasoma kwa sauti ya juu. Nilipofika barua ya tatu ya Roma, nikapunguza.

Sijui nilieleze vipi. Nguzo zinahesabiwa. Urefu wa ukuta umetajwa kwa futi. Jina la mfalme aliyejenga, jina la mfalme aliyebomoa. Lakini buti zimekwenda wapi? Padri Lambotte hakoromi tena. Tangu Lyon, barua tisa, hakuna aliyeumwa tumbo. Miezi minne Roma nzima haina tone la mvua. Na milima ya Alpi, ambayo wasafiri wenzake walibebwa kwenye viti na wapagazi huku wakilia kwa hofu, yeye kaivuka kwa mistari miwili.

Mimi najua barua ya namna hii. Niliwahi kuitunga.

Nilimuuliza mzee: "Papa Karel, huyu kijana kweli alifika Roma?"

Aligeuza kichwa upande. Kisha: "Kwa nini unauliza, Madame Rayhana?"

Si Rayhana tu, kama siku zote. Madame Rayhana.

20 Oktoba, Jumapili

Mji mzima umevaa nyeupe. Watu laki tatu wameandamana kwa ajili ya wale watoto waliotekwa na kuuawa polisi wakizembea, bila kelele, maputo meupe mikononi. Fatuma alikwenda. Bibi wa ghorofa ya chini, ambaye hajawahi kutusalimu, alituambia ngazini kwamba haamini tena polisi, wala hakimu, wala jirani. Akatutazama, akafunga mlango wake kwa funguo mbili.

25 Oktoba

Uvira imeanguka mikononi mwa waasi. Mama yake Fatuma yuko kule. Simu hazipiti.

29 Oktoba

Fatuma hali chakula. Nimempikia uji. Redio haizimwi.

5 Novemba

Leo nimeikuta.

Nilikuwa nafungua barua ya ishirini na tatu, ile ndefu kuhusu mahekalu, kikaanguka kikaratasi kilichokunjwa ndani yake mara nne. Mwandiko wa Ignace, lakini wa haraka. "Hii ni kwa dada yake," nikasema. Mzee aliinuka nusu kutoka kitini. "Soma," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Nikasoma. Naiandika hapa nikiwa bado naikumbuka, kwa lugha yangu, maana Kifaransa chake ni cha kale:

*Joséphine mpendwa, usimwonyeshe baba. Hatujavuka milima wala hatutavuka. Niko Lyon tangu masika, kwa mjane wa mtia rangi hariri, na nina furaha kuliko nilivyowahi kuwa. Padri amenunua kitabu kinachoeleza Roma yote, ananisomea nami naandika. Tunazituma kwa mfanyabiashara mmoja aliye kule, naye anazirudisha kwenu na muhuri wa huko. Baba anataka Roma. Basi tumpe Roma. Nikirudi nitajua kutia rangi nyekundu isiyopauka, jambo ambalo hakuna mwana wa kabaila jimbo lote la Brabant anayelijua.*

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nikamtazama mzee nikidhani naye atacheka. Alikuwa amenyoosha mkono. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. "Ile ya dada usiikopi kwenye daftari. Nipe." Nikampa. Akaiingiza mfuko wa ndani wa koti.

"Imani yako kwa Ignace imepungua, Papa?" nilimtania.

"Endelea na ya ishirini na nne," akasema.

6 Novemba

Hanihitaji kama jana. Amesema nipumzike hadi wiki ijayo. Miezi miwili alikuwa na haraka.

21 Novemba

Nimeona kwenye rafu kijitabu chembamba cha mwaka 1961, jina lake juu: *Macho ya Brabant Mjini Roma*. Nilikisoma wakati amesinzia. Kurasa sitini za kumsifu Ignace: jinsi safari ile ilivyomgeuza mvulana kuwa mtu, jinsi alivyoyaona magofu kwa macho yake mwenyewe. Kwa kijitabu hicho mzee alipokelewa kwenye chama cha wasomi. Picha iko ukutani, amevaa nishani.

Sasa nashuku kila kitu, hata wema wake. Mbona hajaniuliza tena kuhusu Kinshasa?

30 Novemba

Alhamdulillahi! Mama yake Fatuma yuko Kigoma, kambini. Alivuka ziwa na mbuzi mmoja. Fatuma amelia, kisha akala sahani mbili.

10 Desemba, Jumanne

Nitaandika yote.

Nilifika saa nne. Madame Marie-Laure alinifungulia, na mara hii hakusema neno kuhusu mkoba. Aliuchukua mwenyewe mkononi mwangu. Sebuleni sanduku lilikuwa wazi mezani. Papa Karel alikuwa kitini, blanketi magotini, kichwa ameelekeza dirishani.

"Julai, kabla hujaja, niliorodhesha karatasi zote kwa ajili ya bima," Madame akasema. "Moja moja. Themanini na saba. Kesho maktaba wanakuja kulichukua sanduku. Leo ni themanini na sita. Inayokosekana ni kikaratasi kidogo kilichokuwa ndani ya namba ishirini na tatu. Sikukisoma, mwandiko ulinishinda. Lakini kilikuwepo."

Nikamtazama mzee. Nilisubiri aseme. Akavuta blanketi juu ya magoti.

"Mjomba haoni. Mimi sikuligusa sanduku. Watu wanauza karatasi hizi kwenye maduka ya vitu vya kale pale Sablon. Nakupa nafasi, Rayhana. Ukikirudisha, sitapiga simu."

"Muulize Monsieur Karel," nikasema.

"Nimemuuliza. Anasema hajui."

Anasema hajui! Siku saba kabla ya usaili wangu, na polisi mlangoni. Hakuna afisa ambaye angenisikiliza tena hata nikitaja jina la mama yangu. Madame alisubiri, kisha akatoka kwenda ukumbini kutafuta namba. Nilisikia kurasa za kitabu cha simu.

Nikasogea karibu na kiti. Nikasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeongea na baba yake mgonjwa: "Papa Karel. Mimi na wewe tunajua iko wapi."

Akanijibu bila kugeuka. "Mwaka soixante, sitini, niliiona kwa macho yangu. Makala ilikuwa tayari, banakuya kuichapisha. Nifanye nini? Kuchoma karatasi ya zamani, miye siwezi. Nikaificha ndani ya ingine. Halafu macho yakakufa. Sikuweza tena kujua ni barua gani."

"Ndiyo maana ulimwacha yule kijana wa historia."

"Ule angeelewa. Na watu bangemuamini."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anavyoomba sukari. Miezi mitatu nilikuwa nikimchunga Madame na kumwachia yeye mgongo wangu.

"Sasa sikiliza, Rayhana," akaendelea. "Hatakupeleka polisi, nitamwambia akuache. Weye unyamaze. Kinshasa yako, miye niliijua siku ulipoitaja. Haina vumbi. Haina mutu. Ni kama Roma ya Ignace. Miye nachunga yako, weye unachunga yangu. Muzuri kwa wote wawili, hapana?"

Ukumbini Madame alianza kuzungusha namba.

Nitasema ukweli: nilikaribia kukubali. Nilishafungua mdomo niseme ndiyo, Papa. Kisha nikaona jinsi maisha yangu yatakavyokuwa: kila afisa, kila mwenye nyumba, kila mzee mpole wa Brussels ameshika ncha moja ya uwongo wangu, na mimi nimeshika ncha nyingine, tunavutana mpaka kaburini.

"Madame!" nikaita kwa Kifaransa. "Weka simu chini. Nitakusomea kilichopotea."

Nikatoa daftari hili kwenye mkoba wangu, ukumbini, mbele ya macho yake. Nikarudi sebuleni, nikakaa mezani, nikaanza kumtafsiria. Madame alisimama mlangoni, miwani usoni. Mzee alikaa kama jiwe. Nilijua hakuna sababu ya Madame kuniamini: daftari la mgeni, kwa lugha asiyoijua. Lakini pia nilijua jambo moja kuhusu Monsieur Karel. Hajawahi, tangu Septemba, kuliacha kosa langu lipite.

"*Niko Lyon tangu masika,*" nikasoma, "*kwa mjane wa muuza samaki...*"

"Mtia rangi!" mzee akafoka. "Mjane wa mtia rangi hariri! Teinturier, neno liko wazi kabisa, ni..."

Mkono wake ukaenda kifuani, juu ya koti.

Madame alivuka sebule, akapiga magoti mbele ya kiti, akaingiza mkono ndani ya koti la mjomba wake kama mtu anayemtafutia mtoto leso. Kikaratasi kilikuwa pale pale, kimelainika kwa jasho. Alikitazama. Kisha akamtazama yeye, si mimi.

"Ulitaka nimwite polisi," akasema. "Ungeniacha nimwite."

"Mimi ni mzee," Monsieur Karel akajibu.

Nilichukua mkoba wangu. Hakuna aliyenisindikiza. Nje mvua ilikuwa ya mawe, nikatembea hadi metro bila kufungua mwavuli.

11 Desemba

Sina kazi. Fatuma amesema: "Na weye ungempiga ule muzee kofi moja, moja tu." Nimecheka, halafu nikakumbuka Kinshasa. Mzee anaweza kupiga simu kwenye ule mnara wakati wowote.

14 Desemba

Nimekwenda kwa wakili. Nimemwambia kuhusu Dar. Alishika kichwa. "Kubadilisha maelezo sasa ni hatari." Najua. "Watasema ulidanganya." Nilidanganya. "Una hakika?" Nikamwambia afadhali waisikie kwangu.

17 Desemba

Nimerudi. Saa tatu na nusu nzima ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Afisa alikuwa yuleyule, na mkalimani nilimkataa, nikasema Kifaransa changu kinatosha. Kabla hajauliza nikamwambia: yale ya Kinshasa si kweli. Aliweka kalamu chini. "Na yepi ni kweli?"

Nikamweleza. Chumba cha Temeke tulicholala wanawake saba, na paa lililovuja juu ya kichwa changu mimi, kwa sababu nilifika wa mwisho. Mama Chande aliyenipa kazi ya kukaanga maandazi na kunifukuza wiki ilipokwisha. Homa. Askari aliyetukamata mara mbili kwa kukosa vibali, na mara ya pili akasema nikionekana tena nitapandishwa treni ya kurudi Kigoma. Vitu nisivyopenda kuvisema nilivisema pia. Wakati mwingine mpangilio ulinipotea, nikarudi nyuma, nikajisahihisha. Sikuwa na hata sentensi moja iliyonyooka. Yeye aliandika, akageuza ukurasa, akaandika.

Mwishoni aliuliza kwa nini nimeamua kusema sasa. Nikamwambia nilichoka kuwaogopa watu wanaonisikiliza. Aliandika hilo pia. Safari hii hakunitazama vile.

23 Desemba

Madame Marie-Laure alipanda ngazi zetu zote nne. Nilimfungulia nikiwa na kijiko cha kupikia mkononi. Nilidhani ameleta polisi, nikachungulia nyuma yake. Alikuwa peke yake, anahema.

"Sikukutendea haki," akasema. Akaongeza kwamba zile simu za Oktoba zilikuwa za ofisi ya bima, walitaka jina la kila anayeingia ndani ya nyumba. Sijui kama naamini yote. Naamini nusu, na hiyo kwangu ni nyingi.

Maktaba wameahirisha maonyesho hadi Machi, na sanduku bado liko nyumbani. Wanataka barua ya Lyon iwe mbele kabisa. Mzee hatoki kitandani, hataki kusomewa na mtu. Zimebaki barua kumi na mbili ambazo hazijakopiwa. Je, nitakuja kuzimaliza?

Fatuma, nyuma yangu, alikohoa kwa nguvu, maana yake usikubali.

Nilisema nitakuja, kwa sharti kwamba mkoba wangu unakaa pale nilipo, na jina langu linaandikwa kwenye daftari la nakala, kamili. Alikubali. Kisha akauliza anachosikia kinanukia ni kitu gani. Maharage, nikamwambia. Sikumkaribisha. Siku nyingine, labda.

16 Januari 1997, Alhamisi. Ramadhani

Bahasha kutoka ule mnara ilikuja asubuhi. Sikuifungua hadi Fatuma aliporudi kazini, saa kumi na moja kasoro, tende ziko mezani nasi tunasubiri adhana ya redioni.

Wamenikubali.

Mistari sita tu. Fatuma aliinyakua, akaigeuza nyuma, akaipandisha kwenye taa. "Habakuandika sababu?" Hawakuandika. Nikaichukua tena, nikaisoma polepole mara ya tatu, neno kwa neno, nikitafuta mtego. Fatuma alinitazama hadi nikafika kwenye sahihi.

"Alors?" akauliza.

"Hakuna mtego," nikasema. Adhana ikaanza, naye akanisogezea tende.